Kabla ya kuyapiga wino mwekundu makosa ya Kiingereza, tuyasome kwanza

MAJUZI nilimtembelea dada yangu nikamkuta bintiye, mwanafunzi wa Gredi ya 7, ameinamia daftari lake huku machozi yakimlengalenga. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa amewapa zoezi la upatanisho wa kiima na kitenzi, pamoja na insha fupi ya kupima nyakati. Daftari lilikuwa limerudi likiwa jekundu. Chini kabisa pameandikwa agizo moja tu: arudie sarufi.

“Anko, hii Kizungu hainiingii kabisa,” akaniambia. “Naona mimi sina kichwa ya grama.”

Nikaliomba daftari. Haya ndiyo baadhi ya yaliyopigwa mkasi: “My mother sell vegetables.” “She did not went to school.” “Does he plays football?” “One of the boys have a pen.” “The box of mangoes are heavy.” “The baby has slept, do not make noise.” Kwenye insha, mkasi ulikuwa mwingi zaidi, kwa sababu mpwa wangu alianza na “Yesterday I woke up” kisha akaendelea na “and go to the river and find”.

Sikumweleza kanuni yoyote. Nilimwomba tu anisomee sentensi zile zile kwa Kiswahili. Akanitazama kama ninayemfanyia mzaha, kisha akasoma: Mama huuza mboga. Hakuenda shuleni. Je, yeye hucheza mpira? Mmoja wa wavulana ana kalamu. Sanduku la maembe ni zito. Mtoto amelala, msipige kelele.

Hakukosea hata moja. Mtoto aliyeambiwa hana sarufi alikuwa amepatanisha viima na vitenzi, akakanusha wakati uliopita, akatofautisha umoja na wingi, na akatambua kwamba kilicho kizito ni sanduku wala si maembe. Sarufi anayo. Lililomkosa ni mtu wa kumwonyesha jinsi ya kuvuka nayo upande wa pili.

Huenda msomaji akashangaa kwa nini safu ya Kiswahili inajitia katika mambo ya Kiingereza. Sababu ni kwamba mtoto yule ni mmoja, na kichwa chake ni kimoja. Hana droo moja ya Kiingereza na nyingine ya Kiswahili zisizofunguka kwa wakati mmoja. Sisi ndio tuliogawa masomo, tukawagawa walimu na vipindi, kisha tukamwacha mtoto ayaunge peke yake. Maoni yangu ni kwamba namna tunavyofundisha upatanisho na nyakati za Kiingereza katika Sekondari Msingi ina dosari kubwa: inamchukulia mwanafunzi Mkenya kama mtu asiye na lugha yoyote hadi atakapojua Kiingereza.

Nianze na kitabu. Nilikipitia kitabu cha kiada alichokuwa nacho mpwa wangu, nikakuta kanuni ambayo bila shaka wasomaji wengi wanaikumbuka tangu enzi zao: kiima cha umoja huchukua kitenzi cha umoja, na kiima cha wingi huchukua kitenzi cha wingi. Baada ya kanuni hiyo yanafuata mazoezi ya kuchagua jibu moja kati ya mawili. Kisha inafuata orodha ndefu ya vighairi vya kukariri. Basi.

Hebu tuitazame kanuni hiyo kwa macho ya mtoto wa miaka 12. Katika somo lililotangulia alifundishwa kwamba ukitaka wingi wa “book” unaongeza herufi s, inakuwa “books”. Sasa anaambiwa kwamba “sells”, yenye s, ni kitenzi cha umoja, na “sell”, isiyo na s, ni cha wingi. Herufi ile ile iliyoleta wingi jana leo inaleta umoja. Kitabu hakisemi lolote kuhusu mgongano huu. Kingeweza kusema jambo rahisi: hizi ni s mbili tofauti, zinazofanana kwa sura na sauti tu, na s ya kitenzi haina uhusiano wowote na ile ya nomino. Sentensi moja kama hiyo ingeokoa machozi mengi.

Tena, kauli yenyewe ya “kitenzi cha umoja” inapotosha. “I sell” ni umoja, lakini hakuna s. “You sell” yaweza kuwa mtu mmoja, na hakuna s. Ukiacha kitenzi “be”, kinachobadilika zaidi, Kiingereza cha wakati uliopo hubadilisha kitenzi mahali pamoja tu: nafsi ya tatu umoja. Ukienda wakati uliopita, “sold” haibadiliki kwa yeyote. Ni “was” na “were” tu vinavyotofautiana. Ukienda wakati ujao, “will sell” ni ya kila mtu. Haya yanaweza kuandikwa kwenye kipande cha karatasi kisichozidi kiganja. Lakini tumeyatandaza katika sura nzima ya kitabu hadi mtoto anaamini kuwa amekabiliwa na mlima.

Linganisha na mzigo anaoubeba katika Kiswahili bila kulalamika. Ninasoma, unasoma, anasoma, tunasoma, mnasoma, wanasoma. Nafsi sita, viambishi sita, na hubaki pale hata njeo ikibadilika: alisoma, atasoma, amesoma. Kisha ongeza ngeli: kiti kimevunjika, mti umeanguka, maji yamemwagika. Mtoto anayeweza hayo yote hawezi kushindwa na herufi moja kwa sababu ya uzito wa herufi hiyo. Kuna jambo jingine.

Jambo hilo tunaweza kuliona tukiyachunguza makosa yake moja baada ya jingine.

Kwanza, “My mother sell vegetables.” Sentensi hii inahusu mazoea. Kiswahili sanifu kina kiambishi maalum cha mazoea, nacho ni hu-: Mama huuza mboga. Sasa angalia kinachotokea: mimi huuza, wewe huuza, yeye huuza, sisi huuza, wao huuza. Kiambishi cha nafsi kimetoweka! Hu- ni miongoni mwa mahali pachache mno ambapo kitenzi cha Kiswahili huvua vazi lake la upatanisho. Na ni papo hapo, kwenye kauli za mazoea, ambapo kitenzi cha kawaida cha Kiingereza huvaa vazi lake la pekee la nafsi. Pale tunapovua, wao wanavaa.

Sisemi kwamba hu- pekee ndiyo inayosababisha kosa hili. Katika mitaa mingi watoto wetu husema “mathe anauzanga mboga”, na a- ya nafsi inabaki pale pale. Isitoshe, watoto wa Kiingereza kwenyewe huchelewa kuimudu s hii. Mwanasaikolojia Roger Brown, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1973, aliwafuatilia watoto watatu wa Marekani walipokuwa wakijifunza lugha yao ya kwanza. Kati ya mofimu 14 alizozichunguza, -ing ilikuwa ya kwanza kumudiwa, ilhali s ya nafsi ya tatu ilikuja karibu na mwisho. Hata huko Uingereza, katika eneo la Norfolk, wapo wazawa wanaosema “she go” kwa lahaja yao ya jadi, na hakuna anayedai hawana kichwa. Ninachosema ni kwamba mwalimu akiiandika “huuza” ubaoni kando ya “sells”, mtoto hupata mahali pa kuining’iniza kanuni ile. Anajua: nikitaka kusema hu- juu ya mtu mmoja ninayemzungumzia, niikumbuke s.

Pili, “She did not went” na “Does he plays?” Haya ni makosa mawili yenye mzizi mmoja. Kiswahili kinapotumia vitenzi viwili pamoja, vyote viwili huvaa sare. Tunasema “walikuwa wakicheza”. Wa- imo kwenye kitenzi kisaidizi na imo tena kwenye kitenzi kikuu. Tunasema “alikuwa amekula”, na kila kitenzi kimebeba nafsi yake pamoja na kiambishi chake cha njeo au hali. Ni kama gwaride la shule: kila mwanafunzi amevaa sare. Hata vivumishi havisazwi: watoto wawili wadogo wamefika.

Kiingereza hakina gwaride la namna hiyo. Chenyewe humpa mtu mmoja bendera, wengine wakatembea mikono mitupu. Katika “did not go”, bendera ya wakati uliopita imeshikwa na “did”. Katika “Does he play?”, bendera ya nafsi imeshikwa na “does”. Kitenzi kikuu kikiishika tena, bendera zinakuwa mbili. Mtoto aliyeandika “did not went” anaujua wakati uliopita; tatizo ni kwamba ameuweka mara mbili, kwa ukarimu wa sarufi yake. Hata watoto wadogo wa Waingereza hupitia kosa hili. Lakini mkasi mwekundu haumwambii hayo. Unamwambia tu kwamba “went” ni kosa, na kesho ataandika “She did not goes”.

Tatu, “The baby has slept.” Hapa mtoto anatafsiri -me-, na ametafsiri kama alivyofundishwa, kwa kuwa wengi wetu tulifunzwa kwamba -me- ni “has” au “have”. “Amefika” ni “has arrived”, sawa. Lakini “amelala” mara nyingi si tendo lililokwisha. Ni hali iliyopo sasa hivi: mtoto yuko usingizini. Vivyo hivyo amesimama, ameketi, amevaa, nimechoka. Vitenzi vya kuingia katika hali fulani, vikipewa -me-, huonyesha kwamba mtu angali katika hali hiyo. Kiingereza husema “is asleep”, “is standing”, “is wearing”, “am tired”. Hili ni suala la hali zaidi kuliko njeo, na wanaisimu wa Kiswahili wamelijadili kwa miaka mingi. Kosa la mpwa wangu limetokana na kujua zaidi ya kile ambacho kitabu chake kinajua kumhusu.

Nne, na hili ndilo linalowaumiza wengi katika insha: kuchanganya nyakati. “Yesterday I woke up and go to the river and find.” Sote tunajua jinsi Kiswahili kinavyosimulia: jana niliamka nikaenda mtoni nikamkuta mzee. Njeo imetajwa mara moja, kwenye “niliamka”. Baada ya hapo -ka- inashika usukani. Kiambishi -ka- hueleza mfuatano, na msikilizaji anajua kwamba tungali katika jana ile ile. Ni njia nyepesi na nzuri ya kusimulia. Hadithi za mabibi zetu zinaitegemea mno. Kiingereza hakina -ka-. Humlazimu msimulizi autaje wakati uliopita kwa kila kitenzi: “woke”, “went”, “found”. Mtoto aliyezoea kuutaja mara moja huona ameshautaja, sasa anaendelea na safari. Akielezwa kwamba kila -ka- ya hadithi yake lazima igeuzwe kuwa wakati uliopita wa Kiingereza, ana kipimo cha kujisahihishia mwenyewe kabla daftari halijafika kwa mwalimu.

Tano, “One of the boys have a pen” na “The box of mangoes are heavy.” Hapa ndipo ninapokilaumu kitabu zaidi, kwa sababu Kiswahili kinamlipia mtoto karo yote na kitabu kinaikataa. Katika Kiingereza, neno “boys” liko karibu na kitenzi, likamvuta mwandishi hadi akasahau “one”. Lakini jiulize, ni nani angesema “mmoja wa wavulana wana kalamu”? Sikio lenyewe lingekataa. Kadhalika “sanduku la maembe ni zito”: tazama “la” na “zito”, yote mawili yanamtii sanduku. Embe halina sauti hapo, hata yawe mia. Chukua pia “kila”. Tunasema kila mtoto ana kitabu, hatusemi kila mtoto wana. Basi “every child has”. Kanuni ambayo kitabu kimeipa ukurasa mzima, pamoja na mazoezi 20, mtoto aliijua kabla hajaingia Gredi ya 1.

Hata vile vighairi vya kukaririwa, kama “the police are” na “the cattle are”, si vigeni kwa Mswahili. Neno “kiongozi” lina sura ya ki-, lakini hatusemi kiongozi kimefika. Vifaranga wamekufa, si vimekufa. Tunajua tangu utotoni kwamba kuna wakati maana huishinda sura. “Police” haina s ya wingi, lakini maana yake ni watu wengi, na maana imeshinda. Kitabu kingesema hivyo, mtoto angetabasamu badala ya kukariri.

Nadharia ya haya si ngeni. Mwaka 1967 mwanaisimu S. Pit Corder aliandika makala yaliyobadilisha mtazamo wa ufundishaji wa lugha, akidai kwamba makosa ya mwanafunzi yana maana: humwonyesha mwalimu mwanafunzi amefika wapi na anatumia kanuni gani. Kabla yake, mwaka 1958, Jean Berko aliwaonyesha watoto mchoro wa kiumbe wa kubuni aliyemwita “wug”, kisha akawaonyesha wawili, akawauliza wanaitwaje. Wakajibu “wugs”, neno ambalo hawakuwa wamelisikia kamwe. Somo ni wazi: mtoto hakariri tu, anaunda kanuni. Na anayeunda kanuni hukosea kwa utaratibu. Kosa lenye utaratibu halifutwi kwa mkasi, hufutwa kwa kuionyesha kanuni iliyolizaa.

Nawasikia wanaonipinga, na hoja zao si za kupuuzwa.

Wapo watakaosema kwamba ninataka kuturudisha kwenye mbinu ya tafsiri, ambapo mwanafunzi hutafsiri sentensi baada ya sentensi na asiweze kuongea. Hapana. Kulinganisha si kutafsiri. Dakika tano za kuiweka “huuza” kando ya “sells” hazizuii dakika 30 za kuzungumza, kusoma na kuandika Kiingereza. Kinyume chake, zinaipa mazungumzo hayo msingi.

Wengine watauliza: na yule mtoto ambaye Kiswahili si lugha yake ya kwanza? Swali zuri. Kikamba, Kiluhya, Ekegusii, Kigikuyu na lugha za Wamijikenda ni za Kibantu, na upatanisho ndio uti wa mgongo wake. Dholuo si ya Kibantu, lakini nayo huiweka nafsi mwanzoni mwa kitenzi: a- ya mimi, o- ya yeye, wa- ya sisi. Kila mtoto Mkenya huja shuleni na sarufi fulani. Kazi ya mwalimu ni kuuliza ni ipi. Kiswahili kina faida moja tu ya ziada, nayo ni kwamba darasa zima hujifunza somo hilo.

Hoja ya tatu ndiyo inayonichoma zaidi, kwa kuwa inatuelekea sisi walimu wa Kiswahili. Je, daraja lenyewe ni imara? Mpwa wangu alisema “hii Kizungu” na “kichwa ya grama”. Katika miji yetu, “kitabu yangu imepotea” na “vitu ziko hapa” ni lugha ya kila siku. Ngeli zinaporomoka. Lakini tazama kisichoporomoka: hata anayesema “kitabu yangu” hasemi “mimi anaenda”. Viambishi vya nafsi vimesimama imara hata katika Sheng, na ndivyo hasa vinavyohitajika kuielewa s ya Kiingereza. Kuhusu zilizoporomoka, tukubali lawama. Nasi tunafundisha ngeli kwa majedwali ya kukariri, A-WA, KI-VI, U-I, kana kwamba ni nambari za simu. Tunapiga mkasi “kichwa ya” bila kuuliza mtoto anatumia kanuni gani. Dosari ninayoikosoa katika darasa la Kiingereza imo pia katika darasa letu. Nyani haoni kundule.

Lakini kuna jambo zito kuliko kitabu na mazoezi. Shule niliyoizungumzia, ambayo sitaitaja, ina bango langoni linalowaagiza wanafunzi wazungumze Kiingereza tangu Jumatatu hadi Alhamisi. Ijumaa ndiyo ya Kiswahili. Wasomaji wa rika langu wanaikumbuka monto, kile kipande cha mti au mfupa alichovishwa aliyepatikana akizungumza lugha ya mama. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong’o alieleza udhalilishaji wa aina hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1986, *Decolonising the Mind*. Monto imeondoka katika shule nyingi, ila fikira iliyoizaa ingalipo: kwamba ili Kiingereza kiingie, lugha nyingine lazima itoke.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Haisemi kwamba moja ni ya Ijumaa. Na hata tukiweka katiba kando, bango lile linaharibu kile kile linachodai kukijenga. Mwalimu aliyekatazwa kutamka “huuza” darasani hana njia fupi ya kuieleza “sells”. Mtoto aliyekatazwa kufikiri kwa lugha anayoijua hubaki akibahatisha katika ile asiyoijua. Ndipo anapohitimisha kwamba hana kichwa. Hitimisho hilo ndilo linaloniogofya, kwa sababu mtoto wa miaka 12 akishaamini hivyo, haishii kwenye Kiingereza. Sayansi, hisabati, na masomo mengine mengi atayasoma kwa Kiingereza hicho hicho. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Sisi hatukuuacha tu mbacha. Tunawaadhibu watoto wanaoukalia.

Mtaala wa CBC, ulioingia Gredi ya 7 mwaka 2023, ulituahidi umilisi badala ya kukariri. Mtihani wa KCPE, uliofanywa mara ya mwisho mwaka huo huo, ulipima sarufi kwa maswali ya kuchagua jibu, na vitabu vikaandikwa kwa sura ya mtihani. Mtihani umeondoka, mazoezi ya kuchagua jibu yamebaki vitabuni. Sihitaji kamati mpya wala semina hotelini kupendekeza yafuatayo. Mosi, waandishi wa vitabu vya Kiingereza vya Kenya waandike kwa ajili ya mtoto wa Kenya, na kila kanuni ya upatanisho na nyakati iwe na kisanduku kidogo cha kuilinganisha na Kiswahili. Pili, mwalimu wa Kiingereza na wa Kiswahili wa darasa moja waketi pamoja hata mara moja kwa muhula na daftari za wanafunzi mezani. Tatu, mkasi mmoja mwekundu uambatane na swali moja: hapa ulitaka kusema nini?

Narudi kwa mpwa wangu. Tuliketi kwa saa moja hivi. Nilimchorea gwaride na bendera, tukazihesabu -ka- za insha yake, tukazipata tisa. Kisha akaiandika upya. Nilipoisoma, wakati uliopita ulikuwa umetulia kuanzia mwanzo hadi mwisho, isipokuwa mahali pamoja. Karibu na mwisho alikuwa ameandika “My grandmother live near the river.”

Nilinyamaza. Akaichukua kalamu, akaisoma kwa sauti ya chini, kisha kwa Kiswahili: “Nyanya huishi karibu na mto.” Akasita.

“Ngoja, Anko,” akasema, akaiongeza s mwenyewe.